Kisiwa cha Chumba Kimoja

Sikuomba ruhusa ya kwenda Musoma. Nilitangaza. Lakini kwetu mke akitangaza safari, wazee huketi, na walipoketi nikapewa masharti mawili. La kwanza, nisafiri na mtu mzima wa familia. La pili ndilo lililoniuma: tukirudi, huyo mtu mzima atasema mbele ya wote jinsi nilivyojiheshimu huko ugenini, na hapo ndipo itakapoamuliwa kama nitakwenda chuo cha walimu mwezi wa kwanza au nitabaki nyumbani kuchuma chai.

Ile nafasi ya chuo nilikuwa nimeitolea jasho. Nilifundisha miaka kadhaa bila cheti katika shule moja ya huku Nyamira, nikifundisha darasa lililojaa mpaka mlangoni, na kila mwalimu mwenye cheti akinituma chaki kama mtoto. Barua ya kuitwa chuoni ilipokuja nililia kwa furaha. Baba mkwe wangu akasema mke aliyeolewa hawezi kwenda kulala bwenini kama msichana. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya babake ulimi wake ulisinzia. Basi safari ya Musoma ikageuzwa mtihani, na mimi mitihani siikimbii.

Sasa sikiliza waliyemchagua anichunge: ndugu mdogo wa baba mkwe. Yaye! Kwetu Wagusii, mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Hawaketi ubavu kwa ubavu. Yeye haingii nyumbani kwangu, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Haya hiyo tunaiita chinsoni, na ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe vilevile. Yaani nilipewa mlinzi ambaye haruhusiwi kunikaribia. Wanaume wote walioketi pale waliona ni busara kubwa.

Tulitoka Kisii kwa basi, mimi na rafiki zangu wawili, walimu wasio na cheti kama mimi, mmoja wa Marani na mwingine wa Nyamarambe. Mzee aliketi kiti cha mbele kabisa na kofia yake na mwavuli wake mweusi, nasi tukajazana nyuma. Miaka ile mpaka ulikuwa haujafungwa. Ulivuka Isebania, ukapanda kivuko cha mto Mara, jioni uko Musoma. Huko alikuwapo rafiki yetu wa nne, mwenzetu wa zamani shuleni, ambaye alikuwa ameolewa na kuhamia huko. Yeye ndiye aliyetupangia matembezi na kufuatana nasi. Boti ya mbao yenye injini ilikuwa inakwenda kisiwani kuchukua magunia ya dagaa, na mwenye boti alikubali kutubeba kwa bei ya urafiki, atuzungushe ziwani, tulale kisiwani, asubuhi aturudishe pamoja na dagaa wake. Rafiki yetu alituhakikishia kwamba kuna nyumba ya wageni yenye vyumba viwili.

Balaa lilianza ufukweni. Kupanda boti ilibidi uingie majini mpaka magotini, na sketi haipandi yenyewe. Mzee akageuka akajifunika uso kwa kofia, akasimama hivyo akiangalia giza la kofia. Mwenye boti, Mtanzania mwenye Kiswahili kitamu na moyo mweupe, akampigia kelele.

"Ndugu mzee! Mshike mwenzio mkono asianguke!"

Mzee aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kwanza kuitwa ndugu na kijana, halafu kuambiwa amshike mkwewe mkono! Rafiki zangu walicheka hadi boti ikayumba. Mimi nilijiuma midomo, kwa sababu mtihani ulikuwa umeanza.

Na lile ziwa, acha. Sisi ni watu wa vilima, maji mengi tunayoyajua ni ya mvua. Nilipoona nchi kavu inapungua nyuma yetu niliushika ubao wa boti, halafu nikauachia, halafu nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu niolewe. Hakuna aliyeniuliza uji uko wapi. Hakuna aliyeniita mama wa fulani. Tulipita mawe makubwa yaliyojaa ndege weusi, tukala maharagwe baridi tuliyobeba kutoka nyumbani, tukaimba nyimbo zote za shule. Mzee alikuwa mbele kabisa kwenye ncha ya boti, ametupa mgongo, na nikaona kisigino chake kinagonga mbao kufuata wimbo.

Tulifika kisiwani wingu likiwa limeshuka. Nyumba ya wageni ilikuwa banda la udongo lenye bati, na mvua ikaanza kulipiga tukiwa bado mlangoni.

"Tuliambiwa vyumba viwili," nikamwambia mwenye boti.

"Viwili ndiyo, dada. Kimoja hiki, na kile pale kimejaa dagaa mpaka darini."

Nikachungulia. Kweli, hata paka asingepata pa kulala. Nje kulikuwa na jiko la nyasi lisilo na mlango, kuku wamejikunyata ndani, maji yanapenya kila mahali. Basi.

Mzee alisimama kizingitini, uso kwa ziwa, maana hata kuangalia mikeka yetu ilikuwa haya. Hakusema na mimi. Alisema na mvua.

"Mwambieni huyo mtoto alale jikoni."

Hata dakika haikupita, yule wa Marani alikuwa ameanza kukunja mkeka wangu. "Nenda tu, dada, yaishe," akaninong'oneza. "Fikiria chuo." Wa Nyamarambe akanipa leso yake nijifunike. Rafiki yetu wa Musoma akaangalia chini. Walinipenda, najua. Lakini upendo wao wote ulikuwa unanisukuma kwenye kuku.

Nikauchukua mkeka wangu nikautandika tena.

"Tata," nikasema, na hapo nilimwita kama ninavyotakiwa kumwita, baba, "niko hapa. Niambie mimi."

Hata mwenye boti aliacha kufunga kamba.

"Chinsoni ni ya wangapi, Tata? Ni ya wawili. Mimi naishika, tangu siku niliyoolewa sijaivunja. Wewe nawe unaishika. Sasa nani alisema ikishikwa, anayelowa ni mimi? Humu ndani tuko wanawake wanne. Wewe uko mmoja, na mwavuli unao. Jikoni ni pale."

"Wewe!" rafiki yangu wa Marani alishika kichwa.

"Heshima si utumwa," nikasema. "Ninakuheshimu, ndiyo maana siwezi kulala nawe chini ya paa moja. Toka wewe."

Naapa hata mimi sikujua maneno hayo yanatoka wapi. Lakini sauti haikutetemeka, na mpaka leo najivunia hiyo sauti.

Mzee aliikaza kofia yake kichwani. Kisha akasema, bado akiangalia ziwa, "Tutaonana nyumbani."

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Maana yake kwaheri chuo.

"Tutaonana, Tata," nikajibu.

Hakwenda jikoni. Kiburi chake hakikuruhusu kuku. Alifungua mwavuli, akashuka na mvua yake mpaka kwenye boti, akaketi humo. Mwenye boti alimkimbilia na turubai akimsihi aende kulala kwake pale kisiwani, pamoja na watoto wake, akarudi amelowa anatikisa kichwa. "Amekataa. Anasema hakuja Tanganyika kulala kwa watu asiowajua. Jamani, Wakisii! Kwani mkwe ana upupu?"

Wenzangu walilala. Mimi nililala macho wazi. Nilimwona mzee amefia ziwani, nikajiona napeleka maiti Nyamira na kueleza. Nikainuka nimwite, nikakaa tena. Nilijiambia: nikimwita nitakwenda jikoni mimi, na nikienda jikoni usiku huu nitakwenda jikoni maisha yangu yote. Liwalo na liwe. Nililia kidogo, lakini kwa hasira.

Alfajiri nilikuwa wa kwanza kutoka. Mzee alikuwa hai. Mwavuli ulikuwa umepinduka, vyuma vimetokeza nje, na yeye alikuwa ameinama anachota maji ndani ya boti kwa sufuria na kuyamwaga ziwani. Alikuwa amefanya hivyo tangu mvua ilipoijaza boti. Mwenye boti alipofika aliona maji yalipokuwa yamefika, akamshika mzee mikono miwili akashukuru kwa sauti, kwa sababu bila yeye boti ingezama pale pale na sisi watu wa vilima tungebaki kisiwani tukila dagaa mpaka Krismasi. Nikampelekea uji wa moto. Niliuweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma hatua za heshima. Akaunywa wote.

Hakusema neno ziwani, wala kwenye kivuko, wala kwenye basi. Alikohoa tu, na kila alipokohoa rafiki zangu waliniangalia kama mtu anayepelekwa kortini.

Jioni ile ile tuliyofika wazee waliketi uani kwa baba mkwe. Mimi nilikuwa nawagawia uji, maana hata mshtakiwa hugawa uji. Mume wangu alikuwa anaangalia vidole vyake. Nilikuwa nimejiandaa: mzee akinisema vibaya, nitasimama nami niseme, na wakininyima chuo nitakwenda hivyo hivyo, wanifukuze wakitaka.

Baba mkwe aliutazama ule mwavuli uliovunjika. "Huu nao umefanyaje?"

"Mvua ya huko," mzee akasema.

"Hamkuwa na nyumba?"

"Nyumba ilikuwapo."

Akakohoa. Mkono wangu wenye kata ulisimama hewani.

"Nimesafiri na watu wengi," akaendelea, "lakini sijawahi kuheshimiwa kama alivyoniheshimu huyu mtoto. Ameniheshimu mpaka nikalowa. Mwacheni akasome."

"Mpaka ukalowa?" baba mkwe akauliza. "Heshima gani hiyo?"

"Ya kwetu. Yote, bila kupunguza."

Akaomba uji zaidi. Niliweka bakuli lake penye kigoda, nikarudi nyuma hatua zangu, na yeye akageuza uso upande, kama inavyotakiwa. Kisha nikaingia jikoni. Niliingia kwa miguu yangu mwenyewe, bila kutumwa na mtu, nikafunga mlango, nikacheka mpaka nikakaa chini.