Kapasita ya redio mbovu na mwendo wa bibi harusi

Leo dada yangu amekwama katikati ya kanisa siku ya ndoa yake, na aliyemkwamisha ni mimi.

Nilimwahidi ataingia nikimpigia gitaa lenye sauti ya kutetemeka. Pedali, kile kisanduku cha kutetemesha sauti ya gitaa, nikaiunda mwenyewe.

Mchoro wake ulitaka kapasita ndogo, kile kifaa cha kutunza chaji ya umeme. Sumbawanga nzima sikuipata. Fundi redio akachomoa kubwa kwenye redio mbovu: "Weka hii mshikaji, itaingia."

Kweli, iliingia.

Ila kapasita ikiwa kubwa, mtetemo unakuwa wa polepole mno. Sauti inazama kabisa, halafu inarudi. Nyumbani niliijaribu kwa kupiga kidogo tu, harakaharaka, sikugundua.

Na bibi harusi kwetu anatembea kwa kufuata muziki.

Sauti ikazama, dada akasimama. Ikarudi, akapiga hatua. Ikazama tena. Watu wa mabenchi ya nyuma wakaanza kucheka. Mwalimu wa kwaya akanishika mkono, akamwashiria mpiga kinanda apokee.

Nimempigia fundi simu.

"Nilisema itaingia. Nilisema itafaa?"

Haya.

Lakini nyie mnaorusha video ya dada kanisani kwenye grupu na vicheko, dada naye yumo kwenye grupu hilo. Ameitazama akiwa bado amevaa shela.