Wimbo Alioudhani Ameuiba

Kwa miaka mingi nimekuwa nikinakili nyimbo za mtu mmoja, mtungaji wa kwaya ya parokia yetu hapa Bukavu. Sisi waimbaji tunamwita maestro. Huandika kwa penseli, anafuta, anaandika tena mpaka karatasi inakaribia kutoboka, kisha ananiletea nyumbani kwangu, mtaa wa Muhumba, niiandike upya, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule na mwandiko wangu unasomeka. Nyimbo zake zinaimbwa kwenye harusi na mazishi, hata huko Uvira. Naye kila Jumapili huketi benchi la nyuma kabisa, kichwa chini, kama mtu anayesubiri kukaripiwa.

Mwaka jana, majuma matatu kabla ya sikukuu ya parokia, alifika kwangu mikono mitupu. Alikuwa ametoka Kavumu kumsindikiza dada yake uwanja wa ndege. Kando ya barabara alimsikia muuza nyanya akiimba wimbo wa matoleo alioutunga yeye maestro, ule unaojulikana kuliko zote, akasimama kumuuliza ameutoa wapi.

"Anasema koko yake njo anaimbaka ile wimbo," akaniambia. "Iko ya zamani, maman. Niliiba."

Nilidhani ananitania. Hapana, midomo ilikuwa imemkauka. Labda, alisema, aliusikia kwa bibi fulani utotoni, ukamkaa kichwani, akauita wake. Angemweleza padri ukweli, wimbo wa sikukuu asingeuleta, na kutunga ndiyo basi tena. Nilikasirika. Wimbo ule niliunakili kwa mkono wangu, nilijua kila mahali ulipomtoa jasho. Nikamwambia kwa padri hatuendi mpaka tumemwona huyo koko, bibi wa muuza nyanya.

Jumatano tukaenda. Muuza nyanya alimwachia jirani meza yake, akatupeleka nyuma ya migomba, ambako bibi yake alikuwa ameketi akipukuchua maharage. Maestro alivua kofia, akaanza kuomba msamaha hata hatujakaribishwa viti. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, hakuelewa kitu.

"Wimbo gani, papa? Imba basi nisikie."

Akaimba, kofia kifuani. Kwenye mstari wa mwisho bibi akamkatiza.

"Hapana. Hapo unakosa."

Akaimba yeye. Sauti ilikuwa nyembamba, imechakaa, lakini haikusita. Pale ambapo kwaya yetu hupanda juu, yeye alishuka taratibu na kutua. Niliujua ule mshuko. Ndio maestro aliouandika kwanza kabisa, akaufuta. Mimi peke yangu nilikuwa nimeiona alama yake chini ya ile penseli.

"Nilijifunzaka mu koral ya kanisa, mwaka ile bwana yangu alikufa," bibi akasema. "Walisema ilitoka Bukavu. Hapo mwisho benzangu walikuwa wanapanda. Mimi nilikuwa na huzuni, sikuweza kupanda, nikashuka."

Kwa hiyo ulikuwa wa maestro mwenyewe, uliofika Kavumu kupitia kwaya, haukuwa wa zamani hata kidogo. Maestro hakushangilia. Alinigeukia, akaninong'oneza: "Niliifuta sababu niliona iko rahisi sana."

Yeye aliuogopa urahisi ule, na mjane wa Kavumu, asiyejua hata noti moja, aliufikia kwa uchungu wake mwenyewe. Nimekuwa kanisani tangu kubatizwa, na sijui kama niliwahi kumwogopa Mungu vizuri kama nilivyomwogopa pale kwenye maharage.

Tukingoja gari la kurudi mjini, maestro akauliza: "Sawa, hii iko yangu. Lakini ile ya Pasaka, maman, uko na hakika?"

Nilimwambia ninayo. Akanishukuru kwa dhati, kana kwamba nimemlipia deni.

Ijumaa akaniletea wimbo wa sikukuu. Jumamosi asubuhi akabisha hodi akiutaka tena, eti hauna kitu, ni aibu tupu, bora autupe. Nikamdanganya kwamba waimbaji wameshagawana karatasi. Ulikuwa bado mezani kwangu. Nilikuwa nimeuimba peke yangu mara tatu tangu alfajiri.

Akayatazama macho yangu yalivyokuwa mekundu, akavua kofia polepole, akaniuliza nani amekufa.