Matumbawe Katika Mji wa Shaba

Bahari iliyo karibu zaidi na Kolwezi, kusini mwa Kongo, iko sebuleni kwa Sadiki, mtaa wa Biashara, kati ya televisheni na kabati la vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai. Urefu wake ni wa kochi moja. Chumvi yake hutoka kwenye gunia, mawimbi yake hutoka kwenye pampu ya Kichina, na jua lake hutoka kwenye waya wa umeme, yaani huchomoza na kutua bila utaratibu unaojulikana. Umeme ukikatika, Sadiki huwasha jenereta ya bahari kwanza. Taa ya jikoni, ambako mke wake amebaki na kisu mkononi na kitunguu asichokiona, hufuata baadaye.

Sadiki ni msafirishaji. Wazee wake walitoka Kasongo na biashara ya vitambaa; yeye ana malori yanayoingiza saruji na unga mjini, na kitambi cha mtu anayelipwa kwa kukaa. Bahari ya kweli ameiona mara moja tu, Dar es Salaam, alipokwenda kuchukua lori bandarini. Aliporudi alisema ni kubwa mno na haina kifuniko.

Ya kwake ina kifuniko, na humo hufuga matumbawe. Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe au ua, na Sadiki huwasahihisha kwa uchungu wa mtu ambaye mtoto wake ameitwa mbuzi. Tumbawe ni mnyama. Ana mdomo, anakula, anakasirika na kujifunga, na anavumilia mambo mengi kuliko tunavyofikiri, isipokuwa moja. Shaba humuua. Shaba kidogo, kiasi ambacho wewe na mimi tungekinywa na kuomba kingine, hummaliza kabisa. Jambo hili Sadiki alilijua baada ya kununua tangi. Mtu mwingine wa Kolwezi, mji ambao chini yake hakuna kingine ila shaba, angeuza tangi na kufuga njiwa. Sadiki alinunua chujio.

Boksi la kwanza la matumbawe aliloagiza kwa simu lilikufa ghalani kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, likisubiri mtu wa kuamua kama ni chakula, dawa au mapambo. La pili lilifika hai, likafia nyumbani, kwa sababu chujio lilikuwa bado njiani na Sadiki alikuwa ametia maji ya bomba akimwomba Mungu. Alipotangaza kwamba anaagiza la tatu, mke wake, Joyeuse, alifunga mlango wa sebule ili wasisikilizwe na mtoto wao Nuru.

“Sikia, Papa Nuru,” alisema. “Mi sina kinyongo na banyama bako. Lakini bokse hii njo ya mwisho. Ikikufa tena, tangi inatoka, naweka pale frigo yangu, nauzisha tomsoni.”

Tomsoni ni samaki wa barafu wanaofika Kolwezi ndani ya katoni, wagumu kama matofali.

“Unalinganisha korai na tomsoni?” aliuliza Sadiki, maana matumbawe nyumbani huyaita korai.

“Tomsoni zangu zilishakufaka tangu kule kwao. Hazitaniliza tena.”

Sadiki alikubali. Kisha akakaa na simu. Ni mtu asiyenunua tairi bila kulipiga teke, lakini matumbawe aliyachagua kwa picha, zilizopigwa chini ya taa ya buluu ambayo chini yake hata kisamvu kingependeza kama mavazi ya askofu. Muuzaji wa Johannesburg alikuwa amewapa wote majina makubwa. Kulikuwa na Sketi ya Malkia, na Nyundo ya Dhahabu, na kipande kidogo chenye vidole vya kijani kilichoitwa Joka la Alfajiri. Joyeuse alichungulia begani kwake na kusema huyo joka anafanana na mchicha uliosahauliwa. Sadiki alimwagiza mara moja.

Safari hii alikwenda mwenyewe Lubumbashi kupokea. Alikaa na boksi mapajani njia yote ya kurudi, amejifunga mkanda wa gari pamoja na boksi, hadi kwenye kizuizi cha barabarani mlangoni mwa Kolwezi. Mlinzi, kijana mrefu aitwaye Kyungu, alifungua boksi na kukuta mifuko ya maji yenye vipande vya mawe.

“Tata, hii ni nini?” aliuliza; tata, mjini hapo, ni baba.

“Ni banyama.”

Kyungu alitazama tena. “Miye naona mawe.”

“Banyama beko juu ya mawe. Usitikise, tafadhali.”

Kyungu alisimama hapo akifikiri. Kazi yake yote ilikuwa kuangalia mawe yanayotoka Kolwezi. Hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya na mawe yanayoingia. Mwishowe aliita mnunuzi wa madini aliyekuwa na kibanda kando ya barabara, naye akaja na kipimo chake, ile bunduki ndogo inayoelekezwa kwenye jiwe na kutaja asilimia ya madini. Akaelekeza kwenye mfuko wa Sketi ya Malkia. Akasubiri. Akaelekeza kwenye Nyundo.

“Kobalti, sifuri,” alisema. “Shaba, sifuri. Ni chokaa tu.” Akamtazama Sadiki kwa huruma ya kweli. “Tata, bamekuibia.”

“Sifuri kabisa?” aliuliza Sadiki.

“Kabisa.”

“Mungu asifiwe,” alisema Sadiki, na wote wawili wakarudi nyuma hatua moja, wakamwacha apite.

Matumbawe yalitulia, kwa kuwa safari hii chujio lilikuwa limefika. Kwa siku kadhaa yalikaa yamejikunyata kama abiria wasiojuana, kisha yakaanza kufunguka. Joka la Alfajiri lilitoa vidole vyake vyote vya kijani, vikawa vinapepea kwenye mkondo wa pampu ya Kichina. Majirani walikuja kutazama. Mukendi, aliyehamia Biashara baada ya kuchimba sebule yake ya mtaa wa Kasulo akitafuta kobalti hadi ikawa shimo, alichungulia kwenye kioo, akasema ndiyo mara ya kwanza kuona mtu anaingiza mawe sebuleni. Joyeuse alipita zake kwenda jikoni bila kutazama. Lakini Sadiki alimkuta mara mbili amevuta kigoda mbele ya tangi, na mara zote mbili alisema anatafuta hereni.

Jumapili moja akaja Tata Mbayo.

Tata Mbayo ni baba yake Joyeuse, Mluba wa kaskazini, mchimbaji mstaafu wa mgodi wa Musonoi, na ni mukwe wa Sadiki. Hilo la mwisho ndilo la kuelewa. Kwao, mukwe hapingwi. Hukai kochi lake, huli naye sahani moja, husemi “hapana” mbele yake, na alichokupa hukirudishi, hata akikupa surua. Ukivunja miiko hiyo, ndoa yako inakuwa na ufa ambao shangazi wote watakuja kuupima. Sadiki, Mwislamu wa Kasongo, hakuzaliwa na desturi hiyo, na kwa sababu hiyo aliishika kwa bidii ya mtu wa kuja.

Mzee alikula bukari, yaani ugali, na samaki, akashiba, akanawa nusu. Kisha akachomoa mfukoni mwa koti kitu kilichofungwa kwa leso.

“Mukwe,” alisema, “binti yangu ananiambia uko na nyumba ya mawe ya rangi. Nilisikia haya. Mukwe wangu ananunua mawe kwa Basauzi, na mi niko hai?”

Akafungua leso. Ilikuwa malakite, jiwe la kijani la nchi hiyo, limesuguliwa likang'aa, na duara zake kama pete za maji. Lilikuwa limekaa juu ya redio ya mzee tangu alipokuwa kijana. Lilikuwa zuri sana. Na malakite, kwa wasiojua, ni shaba iliyovaa nguo.

Kabla Sadiki hajavuta pumzi, mzee alikunja mkono wa shati, akainua kifuniko, na kuliweka jiwe katikati kabisa, kati ya Sketi ya Malkia na Joka la Alfajiri, kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto.

“Ilikuwa inakosa kintu ya kwetu,” alisema, akarudi kochini.

“Aksanti, tata,” alisema Sadiki.

Sketi ya Malkia ilijikunja papo hapo. Kwa haki, inawezekana ilichukizwa na mkono wenyewe, ambao bado ulikuwa na mafuta ya samaki. Sadiki hakuwa na nafasi ya kuwa na haki. Alizima taa ya tangi ili mzee aone sebule inachosha. Mzee akasema afadhali, macho yake yanapenda kivuli. Alimwalika nje akaone lori jipya. Mzee akasema lori ni lori. Kisha akaanza kusimulia siku alipoliokota jiwe lile, na ilionekana wazi kwamba siku hiyo ilikuwa ndefu.

Nyundo ya Dhahabu ilijifunga. Sadiki alikwenda jikoni karibu akikimbia.

“Mama Nuru! Papa ameweka shaba mu maji.”

Joyeuse alikuwa akisugua sufuria. Aliacha. Mtu yeyote angeona hesabu ikipita usoni mwake: alichotakiwa kufanya ili apate frigo yake ni kuendelea kusugua.

“Umwambie aitoe,” alisema.

“Eko mukwe wangu! Nimwambie na mudomo gani?”

“Na ule unaotumia kuniambia mi kila kintu.”

“We umwambie. Ni papa yako.”

“Korai ni za nani?” aliuliza Joyeuse, akarudi kwenye sufuria.

Sadiki alirudi sebuleni. Mzee alikuwa amefika mahali kwenye hadithi ambapo msimamizi wa kazi anateleza. Ndani ya tangi, Joka la Alfajiri lilikuwa limeanza kuvuta vidole vyake, kimoja kimoja. Sadiki alifikiria shangazi. Alifikiria katoni za tomsoni. Kisha, mbele ya mukwe wake, bila kuomba ruhusa wala kukunja shati, alitumbukiza mkono hadi begani na kulitoa jiwe.

Hadithi ilikoma. Maji yalidondoka kwenye zulia. Sadiki alisimama na zawadi ya mukwe mkononi, kama mwizi aliyekamatwa na mwenye kuku.

“Mukwe,” alisema Tata Mbayo taratibu, “unafanya nini?”

“Eko anaiokoa, papa,” alisema Joyeuse mlangoni. Alikuwa bado na povu mikononi. “Mi njo nilimutuma. Ile maji ni chumvi kali. Inakula malakite. Mwezi moja, ile yote yenye kuangaza inaisha, unabaki na jiwe ya kujengea.”

Mzee alimnyang'anya Sadiki jiwe, akalikausha kwa tai yake ya kanisani, akaligeuza upande huu na ule kwenye mwanga wa dirisha.

“Na bale banyama?” aliuliza.

“Bale njo babaya zaidi,” alisema Joyeuse. “Banalamba.”

Tata Mbayo alikwenda zake na malakite ndani ya koti, kwa hasira, lakini hasira hiyo ilikuwa kwa wale wanyama, si kwa Sadiki. Mlango ulipofungwa tu, Sadiki alianza kubadilisha maji, ndoo baada ya ndoo, shati limelowa hadi kiunoni.

“Ulinisaidia juu ya nini?” aliuliza. “Frigo ilishakuwa yako.”

“Frigo ya kupata kwa sababu papa yangu aliua korai?” alisema Joyeuse. “Nikae nayo miaka makumi mbili, kila siku tukigombana unasema: lakini papa yako njo aliua? Hapana. Nitaipata frigo na mikono safi.” Akampokea ndoo. “Na ule wa vidole atapona?”

Sketi ya Malkia haikupona. Iliteleza kutoka kwenye jiwe lake kama uji, na Joyeuse mwenyewe ndiye aliyeizika, chini ya mgomba. Wengine wote walifunguka, Joka likiwa la mwisho kabisa. Sadiki aliuliza hukumu ni ipi. Joyeuse alisema makubaliano yalihusu boksi kufa, na boksi halikufa, kimekufa kipande. Frigo ingewekwa barazani, na atakayelalamika njia imezibwa ni shauri yake.

Kulibaki ufa wa mukwe. Hata mkono wa kuokoa, mbele ya mukwe, ni mkono uliotumbukizwa bila ruhusa, na shangazi walikuwa wamesikia. Kwa hiyo Ijumaa baada ya sala Sadiki alipanda pikipiki hadi Musonoi, kwa mzee, na jogoo mwekundu chini ya kwapa, akapiga magoti mlangoni, akatoa fidia. Tata Mbayo alimpima jogoo kwa kumnyanyua, akaridhika, akamkaribisha ndani. Malakite ilikuwa imerudi juu ya redio, na karibu nayo kulikuwa na kitambaa cha kuisugulia.

“Bale banyama bako,” alisema mzee, “beko namna gani?”

“Bazima, tata.”

“Habakukonda?”

“Hapana, tata.”

“Ubaambie jiwe yangu si chakula yabo.”

Sadiki aliinamisha kichwa na kusema atawaambia.