Nilikata Video Pale Mama Alipocheka

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, sina mume, nina binti mmoja. Wengi wenu mnaijua sura yangu, ndiyo maana siweki jina. Kwa miaka kumi na miwili nilisoma taarifa ya habari kwenye televisheni moja Dar es Salaam. Ijumaa nilisoma, Jumatatu nikakuta msichana mwingine kwenye kiti changu. Meneja akaniambia watazamaji wanataka sura mpya. Hata kuaga sikuruhusiwa, na mpaka leo inaniuma.

Nikarudi Tabora nikafungua chaneli yangu ya mtandaoni. Nilikuwa na kamera moja, sebule ya kupanga, na kaulimbiu niliyoitunga kwa hasira: habari isiyokatwa. Nikahoji wakulima wa tumbaku, warina asali, akina mama wa sokoni. Nani aangalie? Mtu aliyezoea kusikilizwa na nchi nzima, sasa anasikilizwa na shangazi zake. Nilikuwa naona aibu hata kufungua simu.

Mwaka jana baba akafariki. Alikuwa mstaafu wa reli, na kwetu ni Usoke, sisi ni Wanyamwezi. Jirani yetu, nitamwita Bi Zuhura, ni Mzaramo, yaani mtani wetu. Kwa wasiojua, utani huo ni wa tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Msibani mtani anaruhusiwa kumtukana marehemu na wafiwa ili watu wapate kupumua. Ni heshima, na asipokuja mtani watu wanauliza tumemkosea nini.

Huyo Bi Zuhura ndiye aliyemnywesha baba uji mwezi mzima wa ugonjwa wake. Siku ya kuzika akavaa koti la reli la baba na kofia yake, akajilaza njiani mbele ya jeneza. "Huyu hapiti, hana tiketi. Mwizi wa karanga zangu huyu. Afadhali amekufa, tupumzike." Mama yangu alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili. Akacheka mpaka wakamshika mabega, kisha akalia kilio cha kweli, na jioni akala.

Mimi nilikuwa narekodi, iwe kumbukumbu ya familia. Wiki mbili baadaye nikaifungua ile video, nikaikata pale mama alipoanza kucheka. Juu nikaandika: mwanamke avamia msiba, amtukana marehemu mbele ya mjane. Nikairusha kwenye chaneli. Nilijua ninachofanya. Msiniambie ni shetani, shetani hana chaneli.

Ilitazamwa kuliko kazi zangu zote zikijumlishwa. Watu wakamwita mchawi, wengine wakataka akamatwe. Bi Zuhura alikuwa anafundisha chekechea ya mtu binafsi Urambo mjini. Mwenye shule, mtu wa mbali asiyejua mila zetu, akamwambia wazazi hawataki watoto wao walelewe na mtu asiyeogopa maiti. Akarudi nyumbani na begi lake.

Nilimfuata. Miaka yote nikimwamkia ananijibu kwa tusi la utani, mpaka mgeni anashtuka. Safari hii nilipiga magoti, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu, akanivutia kiti. Nililia palepale. Akanisubiri ninyamaze, ndipo akasema, "Mimi sasa nakuogopa. Nikikutania, sijui kama simu yako inarekodi." Tangu hapo kijijini wamezika mara mbili, naye ameketi na wageni, kimya.

Mama hana simu ya kuangalia mambo hayo, alionyeshwa na wenzake wa kwaya. Akanipigia. "Mimi nilicheka. Kicheko changu umekipeleka wapi? Kaseme ukweli kwa mdomo huohuo, ndipo uje tuweke msalaba wa baba yako." Msalaba ni mwezi ujao.

Nikisema, chaneli imekufa, na yule meneja wa Dar atapata la kuchekea. Nikinyamaza, sina nyumbani. Mara tatu nimekaa mbele ya kamera nikaomba radhi. Kila nikiitazama naanza kuipunguza, natoa hapa natoa pale, mwisho inabaki video ya mwanamke analia na hujui kafanya nini. Nimezifuta zote.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nitukaneni, haki yenu. Ila msisahau kwamba hata ukurasa huu uliirusha ile video, na maoni ya chini yake nimeyasoma yote, majina yenu nayakumbuka. Mimi nitamwomba radhi Bi Zuhura kwa ajili yangu. Kwa ajili yako wewe uliyeandika achomwe moto, nimwambieje?