Hodi Kitandani

Muuguzi wa zamu ya asubuhi hamgusi mgonjwa bila kupiga hodi. Kitanda hakina mlango, kina pazia tu lililofifia, lakini yeye husimama nje yake akisugua viganja mpaka vipate joto, kisha huita, "Hodi, mama!" Halafu husubiri. Binti anayemuuguza mama yake tangu kiharusi kimfunge ulimi alidhani ni mzaha. Bubu atamkaribisha nani? Siku moja binti alifunua shuka ghafla ili amgeuze mama, mgongo usije ukachubuka kwa kulala. Muuguzi akamshika mkono. "Taratibu, mdogo wangu. Hapa ni kwake." Tangu hapo binti akawa haishi kuitazama mikono ya muuguzi: mmoja begani, mmoja nyongani, na mwili mzito unageuka kama wa mtoto aliyelala, kidole kinapita kisiginoni na kiunoni, kikitafuta ngozi inayotaka kuwa kidonda, huku mdomo ukimsimulia mama habari za mvua na za paka wa jikoni aliyezaa kwenye kapu la mashuka.

Leo hodi ilipigwa, kimya kikafuata kama kawaida. Kisha midomo ya mama ikapinda, ikahangaika. "Ka... karibu."

Beseni lilimponyoka binti, maji yakatapakaa sakafuni. Muuguzi alifungua pazia, akayaruka maji, na kwa sauti ileile ya kila siku akajibu, "Asante, mama. Nimeshakaribia."