Gitaa langu la carbon fiber lenye shingo mbili: lilivyotengenezwa kwa fundi wa bampa Sumbawanga, na siku niliyoshuka nalo Muze

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wa rika langu, mambo.

Huwa nasoma tu humu, sijawahi kuanzisha uzi. Niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa taratibu, kwa hiyo mnivumilie. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Gitaa lenyewe liko hapa kitandani ninapoandika.

Ninamiliki gitaa la carbon fiber lenye shingo mbili. Ni gitaa kavu, halichomekwi kwenye umeme. Halikuagizwa nje. Limetengenezwa hapa hapa Sumbawanga, kwenye gereji.

Najua mtauliza shingo mbili za nini wakati mkono wangu wa kushoto ni mmoja. Ngoja nianzie hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Kate, Nkasi. Kwetu tunalima mahindi na ulezi. Nilikuja mjini kukaa kwa shangazi, nikajiunga na kwaya ya kigango chetu kama mpiga gitaa.

Mimi ni mtu wa aibu, wakuu. Tena si aibu ya kawaida. Dukani nikikuta watu watatu narudi nyumbani, nasubiri wapungue. Lakini nikiwa na gitaa nyuma ya wanaume wa sauti ya nne napiga bila woga, maana watu wanawatazama waimbaji.

Shida yangu ilikuwa moja.

Kwaya yetu ina nyimbo za aina mbili. Kuna za Kiswahili anazotunga Mwalimu wa kwaya. Halafu kuna za Kifipa anazoanzisha Mama Leokadia, mama mtu mzima mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Nyimbo za mama huyu hazikai kwenye tyuni ya kawaida. Lazima nilegeze nyuzi tatu ili zile nene zivume chini muda wote. Wimbo unaofuata ukiwa wa Mwalimu, nakaza tena.

Sasa chukua gitaa la mbao la bei rahisi, uliweke kwenye baridi ya Ufipa mwezi wa sita, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Unalegeza uzi, unapitiliza. Unakaza, unarudi. Kanisa zima kimya. Padri anasubiri. Na watu wakikosa cha kutazama wanamtazama anayetyuni.

Jumapili moja nilichelewa mpaka mzee mmoja wa benchi la mbele akaamua kuanzisha wimbo wake mwenyewe, na kanisa zima likamfuata. Mimi nikabaki nimeinamia gitaa.

Baada ya misa Mwenyekiti wa kwaya akaitisha kikao. Alisema mwezi wa tisa tunashuka Muze kwenye mashindano ya kwaya, na kule waamuzi wanakata alama kwa muda unaopotea kati ya wimbo na wimbo. Akasema kuna kijana wa kinanda amempata. Kijana huyo tutakwenda naye. Nikichelewa tena, kinanda kinachukua nafasi na gitaa linapumzika moja kwa moja.

Niliitikia kwa kichwa.

Lakini wakuu, mtu asiyeongea ukimnyang'anya gitaa umemnyang'anya mdomo. Usiku ule sikula.

Wakati huo nilikuwa kibarua kwa Fundi Simoni. Huyu ni fundi wa faiba. Bampa la lori likipasuka, digadi ya tairi ikikatika, anakuundia nyingine kwa kitambaa cha faiba na resini, na inakuwa ngumu kuliko ya kiwandani. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa. Aliyewahi kupiga msasa faiba anajua muwasho wake, unalala nao na unaamka nao.

Pale gereji kulikuwa na robota la kitambaa cheusi, kimefumwa kama mkeka. Dereva mmoja wa malori yanayopita mpaka wa Kasesya alikuwa amelitoa badala ya malipo ya bampa. Fundi hakuwahi kulitumia, alisema anatunza kwa ajili ya kazi ya heshima.

Kwenye simu nilikuwa nimeona picha ya gitaa jeusi lililofumwa kama kitambaa hicho, na picha nyingine ya gitaa lenye shingo mbili. Binti wa shangazi anasoma sekondari, nikamwomba anisomee maelezo ya Kiingereza. Akaniambia hilo jeusi ni la carbon fiber, halivimbi kwa unyevu wala halisinyai kwa ukavu, na tyuni yake haihami ovyo.

Nikawaza. Shingo ya juu naiweka tyuni ya Mwalimu. Shingo ya chini tyuni ya Mama Leokadia. Sigusi nati yoyote ya nyuzi. Nahamisha mkono tu.

Nilimwonyesha Fundi picha zote mbili. Sikusema mengi, nilinyoosha kidole. Aliangalia muda mrefu, akasema, "Dogo, hii ndiyo kazi ya heshima." Tukakubaliana nipige msasa wake bila mshahara mpaka mavuno yaishe. Kwa hiyo bei msiniulize, hata mimi siijui.

(Samahani nilikatika kidogo. Naandika kwa kidole kimoja. Aliyeuliza freti, vile vyuma vya shingoni, nimetoa wapi: nilivunja gitaa langu la zamani na jingine bovu la rafiki yangu, nikachukua freti na nati za kukazia nyuzi. Ndani ya shingo kuna mbao ya mninga, juu ndiyo carbon.)

Tulitengeneza kalibu ya mbao, tukalaza kitambaa, tukapaka resini. Shingo zilitoka zimenyooka kama rula. Mgongo ulitoka vizuri. Ilipofika zamu ya uso, yaani ule ubao wa mbele unaotoa sauti, nikamwona Fundi analaza kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Halafu kwa ndani akaweka mataruma kama ya boneti ya lori.

Nilijua ni nene mno. Moyo uliniambia sema. Lakini yule ni mkubwa wangu, na ananipa kazi, na aliipaka ile resini kwa furaha huku anapiga mluzi. Nikanyamaza.

Sasa Fundi ana desturi yake. Kila anachomaliza anakisimamia kwa miguu yote miwili, na viatu, mteja akiwa anaona. Kisipovunjika ndipo anakukabidhi. Basi siku gitaa limekauka akaita mafundi wa gereji za jirani, akalilaza chini kwenye turubai, akapanda juu ya uso wake. Akaruka kidogo. Gitaa halikulia hata kwi. Watu wakapiga makofi.

Nikasema asante, nikalibeba kwenda nyumbani.

Nikafunga nyuzi. Nikapiga. Wakuu, ilikuwa kama kugonga meza iliyofunikwa godoro.

Bado nililipeleka mazoezini. Nilipiga kwa nguvu mpaka ukucha ukauma. Wenzangu kwa huruma walisema rangi ni nzuri. Mama Leokadia alikuja akaweka sikio kwenye tundu, akasikiliza, akaniangalia usoni.

"Mwanangu, chombo chako kimefunga mdomo kama mwenyewe."

Kwaya nzima ilicheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliangalia kalenda ukutani.

Usiku huo nilikaa na daftari kumwandikia Fundi barua, kwa sababu kumwambia nisingeweza. Ukurasa mmoja ulinichukua mpaka mshumaa ukaisha. Asubuhi nikampa mkononi, nikageuka niende kwenye msasa wangu.

Akaniita. Akasema miwani yake imekanyagwa na gari, nimsomee.

Mafundi wawili walikuwa wamesimama pale. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mashindano yalikuwa yamebaki majuma machache, nikafungua karatasi nikasoma.

"Fundi, shikamoo. Gitaa ni zuri lakini halina sauti. Uso ni mnene. Naomba tuukate tuweke mwembamba, vitambaa viwili tu, mwembamba kiasi kwamba ukiusimamia utavunjika."

Mmoja wa wale mafundi akaguna.

"Yaani unataka nitengeneze kitu kibovu," Fundi akasema. "Kwa mkono wangu."

Hapo karatasi ilikuwa imeisha, wakuu. Jibu halikuandikwa popote. Sijui lilitoka wapi, nadhani lilitoka Kate, kwa sababu kwetu nimeona ngoma zinawambwa tangu mdogo.

"Fundi, ngoma haiwambwi kwa ngozi ya shingo ya dume."

Alinitazama. Akamtazama mwenzake. Halafu akaanza kucheka taratibu, mabega yanatikisika.

"Inataka ile nyembamba ya tumbo," akasema. "Huyu mtoto miezi yote hii ana mdomo na hakuniambia. Lete grenda."

Tulikata uso ule siku hiyo hiyo. Vumbi jeusi lilitujaa mpaka kwenye nyusi. Uso mpya ulikuwa na vitambaa viwili, na kwa ndani vijiti vyembamba kama njiti za mwavuli. Ulipokauka Fundi alikunja kidole, akaugonga mara moja. Ukajibu. Hakuusimamia. Aligonga tena, safari hii karibu na tundu, akaniambia nifunge nyuzi hapo hapo.

Nilipopiga, yule fundi aliyeguna aliacha kuguna.

Naruka mazoezi, nakuja Muze.

Tulipanda lori alfajiri, tumevaa masweta na wengine vitenge viwili viwili. Wasiojua: Sumbawanga iko juu na ni baridi, Muze iko chini bonde la Ziwa Rukwa na ni joto. Ukipita Ntendo ukaanza kushuka ule mteremko, kila kona unavua nguo moja. Kufika chini tulikuwa tunatiririka jasho.

Magitaa ya mbao hayapendi safari hiyo. Kila upande wa uwanja wa mashindano ungesikia nati zinakazwa. Jamaa wa kwaya moja ya mjini uzi wake ulikatika akiukaza, akakaa chini akashika kichwa.

Nilifungua langu kutoka kwenye blanketi. Nikagusa shingo ya juu. Nikagusa ya chini. Zote zilikuwa pale pale nilipoziacha asubuhi kwenye baridi. Sikugusa nati.

Zamu yetu ikaitwa. Kijana wa kinanda alikuwa ameshapanga kinanda chake pembeni, kama Mwenyekiti alivyosema. Kwa kuwa gitaa langu ni pana, wanaume wa sauti ya nne walisema linawachoma mbavu, wakanisukuma mbele. Mbele kabisa, wakuu. Uwanja mzima ukaona gitaa la vichwa viwili na aliyelishika.

Kule kuna ndugu zetu Wasukuma wengi wafugaji. Mmoja alikuwa amesimama na fimbo yake begani, akapaza sauti.

"Wafipa wameleta plau. Ng'ombe wako wapi?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Kweli zile shingo mbili zinafanana na mikono ya plau. Masikio yalinichoma. Nilimtazama Mwalimu, akainua mkono, nikaanza.

Wimbo wa Mwalimu ulikwenda vizuri. Sauti ya lile gitaa ilifika mpaka kwenye maturubai ya wauza nguo, na haikuwa na spika.

Wimbo ukaisha. Mwamuzi akatazama saa yake. Mwenyekiti akamgeukia kijana wa kinanda, kijana akaweka vidole tayari. Mama Leokadia naye alikuwa anafuta jasho kwa khanga, maana mazoea ya zamani yalimwambia hapo ana muda wa kupumzika.

Nikashusha mkono shingo ya chini, nikapiga.

Zile nyuzi nene zilivuma. Mama Leokadia aligutuka na khanga usoni. Sekunde moja tu. Halafu akaitupa khanga begani na kuanzisha wimbo kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kanisani, akatoka kwenye mstari anacheza, kina mama wote nyuma yake. Vijana wa Kisukuma wakaanza kupiga fimbo chini kufuata mdundo. Yule wa plau alikuwa wa kwanza.

Kijana wa kinanda alishusha vidole. Na yeye akapiga makofi.

Tulishika nafasi ya kwanza. Waamuzi walisema kati ya nyimbo zetu mbili hawakupata cha kukata.

Baadaye yule Msukuma alikuja, akaniomba aliguse gitaa. Akalizungusha, akalinusa, akaniuliza kama linakula pumba. Tulicheka wote. Siku hizi tunapigiana simu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na kikao. Mwenyekiti alisimama akasema mfuko wa kwaya umepata zawadi, na swali la kinanda bado liko mezani. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kufanya. Akaniuliza mimi, mbele ya wote, kwaya inunue kinanda au isinunue?

Watu arobaini wananitazama. Nilisimama.

"Nunueni tu, Mwenyekiti," nikasema. "Kitanifuata mimi."

Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Mwenyekiti aliandika kwenye daftari lake, na akasoma alichoandika: kinanda kinunuliwe, kifuate gitaa. Mpaka leo ndivyo ilivyo.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimpa fundi kazi, mwambie unachotaka kabla resini haijakauka, hata kama ni mkubwa wako na anapiga mluzi. Mimi kunyamaza kulinigharimu uso mzima wa gitaa na majuma ya msasa. Nilipofungua mdomo hakuniuma mtu.

Wakuu mnaopiga gitaa sehemu za baridi kama Makete au Mbulu, yenu yanakaaje? Na kuna mwenye shingo mbili humu, au niko peke yangu? Ulizeni chochote, hata kama ni kunitania. Nitajibu wote, ila kidole ni kile kile kimoja.