Mionzi Niliyoitukana

Wewe uliyeketi kwenye benchi nje ya ule mlango wenye alama ya manjano, salaam aleikum. Najua wautazama mlango kuliko unavyoitazama karatasi hii. Mimi pia nilikaa hapo hapo, upande wa ukutani, kisha nikakimbia. Daktari ameniomba niandike yaliyonipata, nami sikukataa. Yule mwanamke hata angeniambia niibebe Ngome kichwani niivushe kivuko cha Likoni, ningemuuliza tu nianze na ukuta gani.

Naitwa Abdalla, mzaliwa wa Kibokoni. Kazi yangu ni udalali wa samaki pale bandari ya kale. Kabla ya maradhi, nikimnadi kolekole, madereva wa malori kule Makupa walikuwa wakisimama wakidhani wameitwa na askari. Nilivuta sigara miaka ishirini na tano na kifua changu kilikuwa kama pipa. Kuugua nilikusikia kwa wenzangu tu.

Utotoni sikusoma. Nilipofika miaka arobaini na tisa nikajiunga na masomo ya jioni, nikatoka na cheti ambacho fremu yake ni kubwa kuliko dirisha letu. Mwalimu wangu alikuwa Bi Zena, mwanamke mwembamba mwenye miwani minene. Alikuwa amestaafu, lakini chaki ilikuwa haijamtoka vidoleni. Jioni moja alitufundisha habari za silaha za nyuklia: kwamba kuna mataifa yenye bomu la kuumaliza mji kabla mtu hajamaliza kikombe cha kahawa, na kwamba kuna mkataba wa kuzipiga marufuku silaha hizo, na nchi zaombwa zitie saini.

Nilirudi nyumbani moto moto. Nikamwambia mke wangu, Mwanaidi, "Kuna watu wameweka dumu la petroli jikoni mwa dunia, na kibiriti wamekishika mkononi!"

Akanijibu, "Na wewe jikoni mwangu umeweka buti linalonuka samaki. Litoe kwanza, dunia itafuata."

Bi Zena alikuwa na kikundi cha watu wachache. Waliwaandikia wabunge barua, walizuru shule na madrasa, waliketi na wazee barazani, wakiomba serikali yetu itie saini. Yeye ndiye aliyekuwa kalamu, mimi nikawa sauti. Kila mara alinionya: "Abdalla, mbunge hafokewi. Huombwa aketi, akaelezwa."

Nami nilieleza. Ila yeye akinipa maneno mawili, mimi niliyarudisha ishirini. Yeye akisema "silaha," mimi nilisema "mionzi," kwa sababu silaha watu wameizoea na mionzi iliwatisha. Niliona macho yakitoka, nikanogewa. Tulipotengeneza leso ya kampeni, kanga ya kujifunga, kazi ya kutunga jina lake, yale maneno ya chini, nilipewa mimi. Katikati ikachorwa ile alama ya manjano yenye makucha matatu, na chini yake nikaandika: MIONZI NI MAUTI, HAINA WEMA KATU. Bi Zena siku hiyo alikuwa safarini. Wanawake wa mtaa mzima wakajifunga leso ile, nami nikawa natembea kama sultani.

Kisha ikaja barua. Baada ya miezi sita mabalozi wa nchi kadhaa wangekutana katika hoteli moja mjini petu kuzungumzia mkataba ule, na kikundi chetu kimepewa dakika nne. Msemaji: Abdalla. Nilifurahi hata nikakosa hamu ya kula, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea.

Wiki ile ile sauti ikaanza kukwaruza.

Nilidhani ni kelele za mnada. Nikanywa asali na tangawizi, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikala ndimu mbichi mpaka meno yakalia. Haikurudi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikinadi kama jogoo aliyemwagiwa maji. Mwezi wa pili nikawa nahisi mwiba wa samaki tafi umenikwama kooni, nami tafi sijamla. Sikio la kulia likauma kwa ndani. Asubuhi moja nikatema mate, nikaona uzi wa damu. Nilikanyaga haraka nikaupangusa kwa ndara, lakini Mwanaidi alikuwa nyuma yangu.

"Hiyo ni nini?"

"Tambuu."

"Tambuu wewe hutafuni. Vaa kanzu, twende."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na haraka. Alinipitisha puani uzi wenye kamera. Machozi yakanitoka, kamasi zikanishuka, naye akawa anasema tu, "Pumua, mzee wangu, pumua." Akaona kinyama kwenye kamba ya sauti kooni. Siku nyingine nikalazwa usingizi wa dawa, akakata kipande kikapimwe. Majibu yalipofika alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Mzee Abdalla, ni saratani. Lakini umekuja mapema, na mahali ilipo yatibika vizuri."

Nikauliza, "Kwa dawa gani?"

"Kwa mionzi."

Nikacheka, kicheko kilichotoka kama mlango wenye kutu. "Daktari, wewe wanijua mimi ni nani?"

"Wewe ni mgonjwa wangu," akasema.

Niliitikia kwa adabu. Lakini siku ya kwanza, nilipokuwa kwenye benchi hilo nimevaa gauni la hospitali, mlango ukafunguka na alama ikanigeukia. Ni ile ile ya kwenye leso, makucha matatu. Wallahi niliona yakipapasa. Niliruka nikatimka ukumbini kama pweza aliyechomoka kwenye kapu. Gauni lile, kama unavyoliona mwilini mwako, hufungwa kwa nyuma. Langu sikulifunga.

Askari wa lango akaniuliza, "Mzee, wenda wapi na nyuma yako i wazi?"

Na Mwanaidi kwa mbali: "Abdalla! Samaki wako wana stara kukushinda!"

Nilijifungia nyumbani siku tatu. Nilikuwa naogopa kufa, nisikudanganye. Na nilikuwa naona haya: mtaa mzima nimeuambia mionzi ni mauti, leo nikalale chini yake? Siku ya nne Bi Zena akaja, akaketi, akatoa karatasi za mkataba akanipa.

"Nisomee hapa. Si nilikufundisha kusoma?"

Nikasoma, kwa ile sauti ya kukwaruza. Pameandikwa kwamba mkataba hauzinyimi nchi haki ya kutumia elimu ya nyuklia kwa mambo ya amani. Nikarudia mara mbili. Mimi niliyeuhubiri mkataba huo kila baraza la Mji wa Kale, mstari huo nilikuwa nikiuruka kwa sababu haukuwa na kishindo.

"Nani alikwambia twapinga hospitali?" akauliza Bi Zena.

"Leso," nikasema.

"Na leso aliiandika nani?"

Nilitazama cheti changu ukutani. "Mimi."

"Basi. Tunapinga silaha, Abdalla. Neno ni hilo hilo moja, nawe ukalibadilisha."

"Na mabalozi nitawaambia nini?"

"Kwanza uwe hai. Mengine tutayaandika."

Nikarudi hospitali. Hakuna aliyenikemea. Walinitengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu, ikalala usoni mpaka mabegani kama chujio la tui, wakaifunga kitandani nisitikisike. Mle ndani mna baridi, na Mwanaidi alikuwa amenifunika miguu kwa leso ya kwanza aliyoishika kabatini. Mtaalamu wa mashine akainama, akasoma.

"Mzee, leso yako yatutukana."

Sikuweza kujibu, mdomo umebanwa. Nilicheka kwa tumbo, naye akasema, "Usitikisike, baba, usije ukatibiwa sikio."

Mashine ilinguruma, ikazunguka, ikanyamaza. Dakika chache tu. Sikuhisi moto wala mwiba. Nilikuwa nimejiandaa kufa na nikaambiwa nivae viatu.

Lakini nisikufiche. Ilikuwa siku tano kila wiki, kwa zaidi ya mwezi. Kufikia wiki ya tatu shingo ilikuwa nyekundu, kisha nyeusi, ikachubuka kama samaki aliyesahauliwa kwenye makaa. Kumeza mate tu kulinitoa jasho. Biriani ikawa na ladha ya kadibodi. Niliishi kwa uji, maziwa na mtindi, na uchovu ulinikalia kifuani kama gunia la mchele. Daktari akaniambia nisiseme ila kwa dharura, nikawa naandika kwenye kibao cha shule. Mwanaidi akawatangazia majirani, "Ndoa yangu ina miaka thelathini, na utamu wake nauona sasa."

Siku moja katikati ya matibabu alikaa kando yangu bila mzaha. "Bi Rukia wa chini," akasema, "alipasuliwa titi. Wakamwambia akaendelee kwa mionzi. Hakwenda. Barua ameificha chini ya godoro."

Nikaandika kibaoni: KWA NINI?

Mwanaidi akanionyesha leso.

Nilishuka ngazi nikishika ukuta. Bi Rukia alikuwa mlangoni pake akichagua mchele, na kiunoni amejifunga maneno yangu. Nikakaa mbele yake, nikafungua ukosi wa kanzu, nikamwonyesha shingo.

"Subhanallah! Ndiyo hiyo mionzi?"

"Ndiyo," nikanong'ona. "Ngozi itapona. Na kile kinyama daktari asema kinakwisha."

Akaacha mchele. "Abdalla, ndugu yangu, wewe ndiwe uliyetwambia ni mauti. Nilikuamini. Sauti ile nani asingeiamini?"

Nimepigwa sindano nyingi mwaka ule. Hakuna iliyoingia kama hiyo.

"Nilikosea," nikasema. "Bomu ndilo mauti. Mimi nilitaka mnipigie makofi, nikachanganya. Nisamehe, Bi Rukia. Nenda."

Aliurudia mchele wake, akiokota chuya moja moja. Mwishowe akauliza, "Wewe wenda tena lini?"

"Jumatatu."

"Mwambie Mwanaidi anipitie."

Mabalozi walipokuja, matibabu yangu yalikuwa yamekwisha wiki mbili. Bi Zena alitaka kusema badala yangu. Nikakataa. Nilisimama mbele ya kipaza sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba hivi kwamba ukumbi mzima uliinama kunisikiliza, hata wahudumu wa chai waliacha vijiko. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani. Niliwaambia hivi: "Elimu hii ina milango miwili. Mmoja nimeingia nikatoka hai, jirani yangu yumo humo sasa hivi. Wa pili hakuna atakayeuingia akatoka. Siwaombi mfunge wa kwanza. Nawaomba mfunge wa pili." Sikuongeza neno. Bi Zena alitoa miwani akaifuta, na miwani ilikuwa safi.

Kama saini imepatikana? Bado, Bi Zena angali anaandika barua. Lakini balozi mmoja alinifuata akaniomba leso. Nikamwambia ile ya zamani haitoki tena, angoje mpya.

Leo kamera ikipita puani mwangu haioni kitu, alhamdulillahi. Sauti imerudi nusu. Makupa haifiki tena, ila Kibokoni yatosha. Bi Rukia alimaliza matibabu yake, na sasa anaringa kwamba yeye hakukimbia. Namshukuru Mungu, na Daktari, na yule mtaalamu wa mzaha, na Bi Zena aliyenisahihisha hata baada ya cheti. Mwanaidi namshukuru kwa kunidaka ndara ikiwa juu ya ile damu.

Nawe nikuambie machache. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda ukatazamwe. Sigara itupe, mimi nimeitupa. Na mtu mwenye sauti kubwa akikutisha kuhusu dawa, muulize amesoma ukurasa gani.

Ukihisi baridi mle ndani, mwambie mtaalamu akupe leso iliyokunjwa kwenye rafu. Ni mimi niliyeiacha. Jina lake ni jipya: BOMU LIENDE ZAKE, DAWA IBAKI KWETU. Jifunike, na ukitoka umwachie mwenzio.

Hilo ni jina lako wanaliita. Inuka, uingie. Na kamba za gauni huko nyuma, zifunge vizuri.